Ukuta na mikoko katika bonde moja la Pemba: tathmini ya huduma mbili tulizozilipia

Tathmini hii inahusu huduma mbili ambazo kamati ya bonde letu la mpunga, lililoko kusini mwa Pemba katika Wilaya ya Mkoani, ilizilipia kwa ajili ya haja moja, nayo ni kuyazuia maji ya bahari yasiendelee kuingia mashambani. Huduma ya kwanza ilitolewa na mkandarasi wa ujenzi, ambaye alitujengea ukuta. Ya pili ilitolewa na kikundi cha wanawake wa kijiji jirani, ambao huotesha na kupanda mikoko kwa malipo. Sitawataja kwa majina, kwa kuwa nia yangu ni kumsaidia mwenye shamba, mwenye nyumba ya pwani au kamati ya shehia ajue la kuuliza kabla ya kutia saini mkataba, na maswali hayo hayabadiliki kwa kubadilika mtu anayekuja kuomba kazi.

Bonde lenyewe limekaa nyuma ya hori, yaani mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu, na kati yake na hori upo ukanda wa mikandaa na michu, ambazo ni aina mbili za mikoko, ambao zamani ulikuwa mpana na mnene. Ukanda huo ulipungua kidogo kidogo kwa kukatwa boriti za kujengea na kuni za matanuri ya chokaa, na upande mmoja ulifyekwa ili vichimbwe vyumba vya chumvi, ambavyo baadaye viliachwa. Miti ilipopungua, maji yakafuata. Katika visiwa vyetu tofauti ya kimo baina ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3 wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na bamvua zilizo kubwa kabisa huja karibu na Machi na Septemba. Ile ya Machi hutukuta masika yako mlangoni na wakulima wanatayarisha majaruba ya mpunga. Maji ya chumvi yakishaingia bondeni hayaondoki bila ya kuacha athari. Yakikauka huacha utandu mweupe juu ya udongo, mpunga ulioota huanza kunyauka kwenye ncha za majani, na visima vya karibu hubadilika ladha. Hatuko peke yetu katika hili, kwani majirani zetu wa Kisiwa Panza walifikwa na mtihani huohuo mpaka ikabidi wajengewe ukuta.

Kabla ya kumwita mtu yeyote, kamati ilikuwa imeshagawanyika. Wenye mashamba walitaka ukuta, tena haraka, tena mbele kabisa kwenye ukingo wa hori, ili hata ardhi iliyo chini ya mikandaa iongezwe kwenye bonde. Wanaookota tondo, yaani konokono wa mikokoni, wanaotega kaa na wanaofuga nyuki walisema ukuta wa namna hiyo utawaondolea riziki. Wakaungwa mkono na watu wa uhifadhi waliokuja kutushauri, ambao wao walikwenda mbali zaidi wakasema kusijengwe kitu chochote, bahari iachiwe sehemu ya chini ya bonde, na mikoko iachwe ipande kuifuata. Nilihudhuria vikao hivyo nikiwa katibu, na kila upande ulikuwa na hoja ya kweli. Mikoko ni hifadhi, na ikishaondoka hakuna anayeirudisha kwa msimu mmoja. Lakini pia mjane mwenye majaruba mawili katika sehemu ya chini hawezi kuambiwa ayaachie bahari kwa faida ya wote, na hao wote wasimpe badala yake.

Mkandarasi alikuja na mchoro ulio tayari, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi mwanzo, kwa sababu alikuwa hajashuhudia hata bamvua moja hapa kwetu. Mchoro ulionesha ukuta wima wa mawe na saruji, ulionyooka, uliokata mbele ya mikandaa kutoka mwamba mmoja hadi mwingine. Kwa bei ulikuwa nafuu, kwa kuwa mstari ulionyooka ni mfupi na mawe yake ni machache. Tatizo la ukuta wima uliosimama peke yake mbele ya maji halionekani siku ya kukabidhiwa. Wimbi linalogonga ukuta kama huo halifi. Hurudi na nguvu zake, likachimba mchanga na tope chini ya msingi, na mguu wa ukuta ukishabaki wazi nyufa huanza. Ikiwa miti iliyokuwa ikilivunja wimbi imekatwa ili kuupisha ukuta, basi kilichonunuliwa ni ukuta unaopigwa kwa nguvu zaidi kuliko ambavyo ungepigwa kama miti ingalikuwepo. Zaidi ya hayo, ukataji wa mikoko unahitaji kibali chini ya sheria ya misitu ya mwaka 1996, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 inadai tathmini ya athari kwa kazi zenye madhara kama hayo. Mkandarasi hakutaja kibali wala tathmini mpaka tulipomwuliza sisi.

Swali lililoubadilisha mchoro, hata hivyo, halikuhusu sheria. Bibi mmoja wa kikundi cha mikoko, aliyekaribishwa kikaoni kusikiliza, aliomba ruhusa ya kusema, akamwambia msimamizi wa ujenzi: "Fundi, mwanangu, maji ya bahari umeshayazuia, haya ya mvua yanayoteremka kutoka juu utayapitisha wapi?" Fundi alimjibu kwa adabu, "Bibi, yatazama chini." Bibi akamwuliza tena, "Yatazama wapi, na chini ni tope na maji?" Watu walinyamaza, kwa sababu kila mmoja wetu anajua kwamba masika yakipamba moto bonde hupokea maji ya vilima vyote vya nyuma yake, na njia yake ya kutokea ni ileile hori iliyotaka kuzibwa. Ukuta usio na njia ya maji ungeligeuza bonde kuwa bwawa, na mpunga ulionusurika na chumvi ungezama katika maji ya mvua.

Mambo haya yako wazi kwa anayelitazama Jiji la Zanzibar. Mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa zama za Waingereza, na leo barabara na maduka ya Darajani yamekaa pale maji yalipokuwa yakiingia na kutoka. Sehemu za mabondeni za mji, zikiwemo za Mwanakwerekwe, zilijengwa na kuzungukwa na nyumba, na watu wake wameteseka kwa mafuriko ya masika, hadi Serikali ikalazimika kujenga mitaro mikubwa ya kuyapeleka maji baharini kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia. Mradi huohuo ndio ulioujenga upya ukuta wa Mizingani, na ukuta ule siupingi hata kidogo. Mbele yake hapana mikoko, nyuma yake pana majumba ya Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hapana nafasi ya kurudi nyuma. Ukuta una mahali pake. Bonde la mpunga lenye mikandaa mbele yake si Mizingani, na mkandarasi anayeleta mchoro wa Mizingani bondeni anauza kitu ambacho mnunuzi hakukihitaji.

Kwa haki, nimsifu mkandarasi kwa namna alivyoipokea hoja ile. Aliurudisha mchoro, akakaa nasi bamvua iliyofuata, akapigilia vijiti mahali maji yalipofika, na mchoro wa pili aliuleta akiwa ameujenga juu ya vijiti vile. Ukuta ulisogezwa nyuma ya mikandaa, ukafuata ukingo wa bonde kwa kupinda pale bonde linapopinda. Badala ya kusimama wima, ukawa tuta la udongo wa mfinyanzi lililoshindiliwa, lenye mteremko upande wa bahari, na mteremko huo ukapangwa mawe. Chini yake zilipangwa kalavati mbili, kila moja ikiwa na mlango wa chuma wenye bawaba juu upande wa hori: maji ya mvua yakisukuma kutoka ndani mlango hufunguka, na bahari ikipanda huusukuma ukajifunga. Bei iliongezeka, kwani mstari ulikuwa mrefu zaidi, na wapo wajumbe walionung'unika. Mimi niliona na bado naona kwamba nyongeza ile ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote.

Katika utekelezaji alikuwa mzuri kwa mambo fulani na mbaya kwa mengine. Ushindiliaji wa tuta ulifanywa kwa tabaka, na fundi alikataa mara mbili udongo ulioletwa ukiwa na majani na mizizi, akaeleza kwamba mizizi ikioza huacha mashimo ambayo maji huyageuza kuwa njia. Hapo nilimheshimu. Lakini gari la kwanza la mawe lilileta matumbawe yaliyobanduliwa baharini, na ilitubidi tulirudishe, kwa kuwa mwamba ulio nje ndio unaolivunja wimbi kabla halijafika kwenye mikoko. Huwezi kuujenga ulinzi wa ndani kwa kuubomoa wa nje. Mchanga nao ulitaka kuchotwa pwani ya karibu, usiku, bila ya kibali. Mchanga wa pwani unapunguza ufukwe unaokulinda, na chumvi yake hula nondo ndani ya zege, hivyo ni hasara mara mbili. Anayeajiri mkandarasi aandike katika mkataba mawe yatatoka wapi na mchanga utatoka wapi, kisha awepo mtu wa kamati siku ya kushushwa mzigo.

Dosari kubwa ilikuwa kwenye kalavati. Moja iliwekwa kama ilivyochorwa. Ya pili ilibadilishwa kwa bomba jembamba bila ya sisi kuambiwa, na tuligundua masika yalipoingia, pale upande mmoja wa bonde ulipokauka kwa wakati na mwingine ukabaki na maji yaliyosimama kwa siku nyingi. Juu ya hayo, mlango wa kalavati iliyo sawa ulikwamishwa na chupa ya plastiki na makuti usiku wa bamvua, bahari ikapita chini yake. Tulipopiga simu tuliahidiwa fundi ambaye hakutokea mpaka maji yalipokwisha kupungua yenyewe. Mlango wa bawaba ni kitu kizuri, lakini unahitaji mtu wa kuupitia kabla ya kila bamvua, na mkandarasi hakutueleza hilo wala hakumfundisha yeyote.

Huduma ya mikoko ilianza kwa namna nyingine kabisa. Wanawake hawa hawakuja na miche. Walikuja na mapanga na majembe, wakaomba kwanza waoneshwe vyumba vya chumvi vilivyoachwa. Tuta lake la zamani lilikuwa bado limesimama, limekata mkondo mdogo uliokuwa ukiingiza maji kwenye sehemu tupu, ndiyo maana pale palikuwa hapaoti kitu. Walilitoboa tuta lile mahali palipochaguliwa, wakaufufua mkondo, kisha wakasema tusubiri. Sikuona kikundi wala taasisi nyingine inayolipwa kwa miche ikishauri mteja asubiri kabla ya kununua miche. Mbegu za mchu zilizochukuliwa na maji ziliingia zenyewe na kushika, na sehemu waliyopanda kwa mikono ikawa ndogo kuliko tuliyoibajetia. Fedha iliyobaki waliirudisha kwenye hesabu ya kamati.

Ujuzi wao wa aina za miti unastahili kuelezwa, kwa sababu hapo ndipo miradi mingi ya upandaji inapoharibika. Mlilana husimama mbele kabisa, penye maji mengi. Mkoko wenye mizizi ya matao hufuata kwenye tope laini la kingo za hori. Msinzi na mkandaa hukaa nyuma yake. Na mchu huvumilia chumvi nyingi, hivyo huonekana mbele na pia nyuma kabisa karibu na nchi kavu. Mbegu ya mkoko huanza kuota ikiwa bado juu ya mti mama, huwa ndefu, na kuipanda ni kuichomeka tu kwenye tope, ndiyo maana watu wa miradi huipenda na kuipanda kila mahali. Ufilipino waliipanda kwa wingi kwenye tope la chini, ambako haki yake ilikuwa mlilana na mchu, na sehemu kubwa ya miche hiyo ilikufa. Kikundi chetu kilichomeka mkoko kwenye kingo za hori tu, na kwingine kikatumia miche ya mchu na mkandaa kutoka kitaluni. Niliichunguza miche hiyo kwa karibu: kila kifuko kilikuwa na tope la palepale hori, na miche ilikuwa imezoeshwa maji ya chumvi kwa kumwagiwa kidogo kidogo kabla ya kutolewa.

Kasoro zao zipo na lazima zisemwe. Mkataba wao haukutaja uangalizi baada ya kupanda, na mbuzi wa kijijini waliimaliza safu nzima ya michu michanga, kwa kuwa majani ya mchu ni malisho wanayoyapenda. Hawakuwa na daftari la miche iliyopona na iliyokufa, hivyo tulipotaka kujua hali ya kazi ilibidi tuhesabu wenyewe. Na katika kutangaza huduma yao walituambia kwamba mikoko ikisimama vizuri ukuta hautahitajika. Hapo sikubaliani nao, ingawa nawapenda na nawathamini.

Mikoko hupunguza nguvu za mawimbi, na hilo limepimwa: ukanda wenye upana wa mita 100 hupunguza kimo cha mawimbi kwa kati ya asilimia 13 na 66, kutegemea miti yenyewe na unene wake. Kwa kimo cha maji yenyewe yanayopandishwa na dhoruba, upungufu ni wa sentimita 5 hadi 50 kwa kila kilomita ya mikoko. Ukanda wetu haufiki hata mita 100. Kwa hiyo mawimbi ya kusi utayavunja, mizizi yake itashika tope na kuinyanyua ardhi taratibu, lakini maji matulivu ya bamvua kubwa yatapenya katikati ya mashina na kufika bondeni yasipokuta tuta. Tuta nalo linazuia kimo cha maji lakini halina uwezo wa kuua wimbi. Kila kimoja kinafanya kile ambacho kingine hakiwezi, na ndiyo maana sikuona maana ya ugomvi ule wa kutaka tuchague kimoja. Ugomvi wa kweli uko mahali pa kuliweka tuta, kwa sababu kila hatua linayosogea mbele inaongeza mpunga na kupunguza mikoko, na kila hatua linayorudi nyuma inafanya kinyume chake.

Tena bahari inaendelea kupanda. Mikoko inayokuta tuta nyuma yake haina pa kurudi. Itabanwa baina ya maji na mawe mpaka ife. Kwa ajili hiyo tuliacha kipande kitupu kati ya mikandaa na tuta, na kipande hicho kilikuwa sehemu ya majaruba ya chini, yakiwemo ya mjane niliyemtaja. Wenye majaruba haya walipewa sehemu nyingine za juu katika ardhi iliyokuwa chini ya kamati, baada ya mazungumzo marefu yaliyosimamiwa na sheha. Sehemu hizo za juu ni ndogo kidogo na mbali zaidi na nyumba zao, na naona kamati inawadai wenye majaruba wale shukrani ambayo bado haijalipwa. Wahifadhi waliotushauri wangelifanya jambo jema kama wangelikuja na pendekezo la fidia pamoja na pendekezo la kuiachia bahari ardhi, maana la pili bila ya la kwanza linamfanya maskini agharimie peke yake ulinzi wa kijiji kizima.

Baada ya masika moja na bamvua za Septemba, hali ni hii. Maji ya bahari hayajavuka tuta. Yaliingia mara ile moja tu kupitia mlango uliokwama. Upande wenye kalavati iliyo sawa umevunwa mpunga. Upande wa bomba jembamba umevunwa nusu. Mguu wa tuta haujaliwa popote penye mikandaa mbele yake, isipokuwa pale kwenye pengo la vyumba vya chumvi, ambapo mawe matatu ya chini yameshafumuka. Tondo wanaokotwa kama kawaida, na wafugaji wa nyuki hawakuhamisha mzinga hata mmoja.

Kikundi cha mikoko ningekiajiri tena bila ya kusita, kwa sharti kwamba mkataba utaje uzio dhidi ya mifugo, daftari la miche, na ukaguzi wa angalau masika mawili. Mkandarasi ningemwajiri kwa kazi ya tuta, kwa kuwa tuta alilijenga kwa uaminifu, lakini kalavati ningetaka zipimwe na kamati zikiwa bado juu ya gari, na sehemu ya malipo izuiwe mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Sisi tulizuia sehemu ndogo tu, nayo haitolewi hadi lile bomba jembamba lifukuliwe na kalavati ya pili iwekwe kwa kipimo kilichochorwa. Kazi hiyo imepangwa kufanyika wakati wa kiangazi, kabla ya bamvua ya Machi, na vijana wawili wa bondeni wameshachaguliwa kuipitia milango yote miwili kila mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu.